Kutapika na Dawa Zake



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo lisilopendeza kutajwa penye chakula, wala halina heshima ya kuzungumzwa barazani. Lakini hakuna hata mmoja wetu asiyelijua, mkubwa kwa mdogo. Jambo lenyewe ni kichefuchefu na kutapika. Twataka kueleza asili yake, kisha tutaje dawa zilizovumbuliwa za kukuzuia na kukutuliza, na zaidi ya yote tueleze ni wakati gani dawa hizo zafaa, na ni wakati gani hazifai, bali zaweza kudhuru.

Imetupasa kusema haya kwa sababu katika maduka ya dawa, toka Tanga mjini hata Pangani, Muheza na Korogwe, ombi moja husikika mara kwa mara: "Nipe dawa ya kutapika." Maneno hayo ni machache mno. Kwanza, hayabainishi kama mtu ataka dawa ya kumzuia asitapike, au tapisho la kumfanya atapike. Pili, hayasemi ni nani anayetapika. Huenda ni msafiri anayeogopa mawimbi ya mkondo wa Pemba. Huenda ni mwanamke mwenye mimba changa. Huenda ni mgonjwa anayetibiwa saratani. Huenda ni mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha tangu jana. Watu wanne hawa hutapika kwa namna moja, lakini kwa sababu mbalimbali. Na dawa imfaayo mmoja yaweza kumdhuru mwenziwe. Hiyo ndiyo maana ya mazungumzo haya.

Kwanza tujue kutapika ni nini. Kutapika si ugonjwa. Ni kazi ya mwili, nayo ni kazi ya ulinzi. Katika shina la ubongo, karibu na pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, pana mahali panapotawala kazi hiyo. Pakipata habari ya hatari, hutoa amri: mate hujaa kinywani, mtu hutoka jasho, pumzi hufungwa, misuli ya tumbo hukaza kwa ghafula, na kilichomo tumboni hurudi juu.

Tufanye mfano wa kengele ya shule. Kengele ni moja, na sauti yake ni moja, lakini kamba za kuivuta ni nne. Kamba ya kwanza yatoka ndani kabisa ya sikio, kwenye kiungo kinachotupa habari za mwendo wa mwili. Kamba ya pili yatoka katika damu, kwa maana iko sehemu ya ubongo inayoonja damu, kama mpishi aonjavyo mchuzi, ipate kutambua sumu. Ya tatu yatoka tumboni na katika utumbo, kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ya nne yatoka katika akili yenyewe: harufu mbaya, hofu, au hata kukumbuka tu kitu kilichotuchukiza zamani.

Basi dawa za kutuliza kutapika hazivunji kengele. Kila dawa hushika kamba yake, moja au mbili. Mtu akishika kamba isiyovutwa, kengele italia vilevile. Na tena, kengele inapolia kwa sababu nyumba inawaka moto, kuinyamazisha si kuzima moto. Mfano huu na tuuweke moyoni, maana tutaurudia.

Tuanze na kamba ya sikio, ambayo sisi watu wa pwani twaijua sana. Wayunani wa kale walikiita kichefuchefu kwa neno linalotokana na jina lao la merikebu, na neno hilo limeingia katika lugha nyingi za Ulaya. Abiria akivuka kutoka Tanga kwenda Pemba wakati wa kusi, sikio lake husema, "Twapanda, twashuka," lakini macho yake yanayotazama mbao za chombo husema, "Tumetulia." Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, huvuta kengele. Ndivyo ilivyo pia katika gari linalopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, safari ya kilomita zipatazo 33 yenye kona nyingi, hata mtu asiyewahi kuiona bahari akatapika. Wala si aibu. Nelson, yule amiri wa manowari za Waingereza aliyekufa vitani mwaka wa 1805, aliandika katika barua zake kwamba kila upepo ulipovuma kwa nguvu aliugua, ijapokuwa maisha yake yote yalikuwa baharini.

Msaada wa kwanza hauna gharama. Keti katikati ya chombo, maana omo na tezi hupanda na kushuka zaidi. Tazama mbali, pale mbingu na bahari zinapokutana, macho yapate kukubaliana na sikio. Katika gari keti mbele, utazame njia, wala usisome kitabu. Usisafiri na tumbo tupu kabisa, wala usilijaze chakula cha mafuta.

Zikihitajika dawa, zipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waganga wa majeshi walizitafuta kwa bidii, kwa kuwa askari anayetapika hawezi kupigana. Mwaka wa 1944, majeshi yalipovuka bahari kwenda Normandy katika Ufaransa, askari wa Kiingereza walipewa vidonge vya hayosini. Dawa hii hupatikana katika mimea ya jamaa ya mnanaha; lakini asijaribu mtu kutafuna mnanaha, kwa kuwa sumu yake ni kali, na kipimo chake hakijulikani kwa jicho.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1947, huko Baltimore katika Marekani, mwanamke mmoja alikwenda hospitali kwa sababu ya vipele vya kuwasha. Daktari Gay na Daktari Carliner walimpa dawa mpya ya mwasho, iitwayo dimenhidrineti. Mwanamke yule alikuwa na desturi ya kuugua kila alipopanda tramu. Lakini siku alizomeza dawa ile alishangaa kuona amefika salama. Madaktari hawakulipuuza neno lake. Mwezi wa Novemba 1948 waliijaribu dawa katika meli ya jeshi iliyotoka New York kwenda Bremerhaven, nayo ilikuwa na askari zaidi ya 1,300. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, wala askari hawakujua nani kapewa nini. Bahari ilichafuka sana. Waliopewa dawa wengi walisalimika, na waliopewa vidonge vitupu wengi walitaabika. Wanafunzi, angalieni hapa mambo mawili: neno la mgonjwa lastahili kusikilizwa, na dawa yastahili kujaribiwa kwa haki kabla ya kusifiwa.

Jamaa ya dawa hiyo ni promethazini, iliyotengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1940, nayo yajulikana sana katika maduka yetu. Dawa hizi zote zina masharti. Humezwa kabla ya safari, nusu saa hata saa moja, kwa kuwa mtu akianza kutapika kidonge hutoka pamoja na chakula. Huleta usingizi, basi dereva, nahodha na mshika usukani wasizimeze wakiwa kazini, wala mtu asizichanganye na pombe. Tena promethazini asipewe kamwe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu imeonekana kuwazuia watoto wadogo kuvuta pumzi, wengine wakafa. Kumlaza mtoto mchanga kwa dawa hii ili safari iwe ya kimya ni hatari kubwa.

Sasa twende kwenye kamba ya damu, na kwanza tuwataje mama zetu. Wanawake walio wengi hupata kichefuchefu katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Zamani wengine waliambiwa kwamba wanajitakia, au kwamba hawampendi mume. Mwaka wa 2023 wataalamu walioongozwa na Fejzo wa Marekani na O'Rahilly wa Uingereza walieleza sababu kubwa: mimba hupeleka katika damu ya mama kitu kiitwacho GDF15, nacho huvuta kengele. Wanawake ambao damu yao haikukizoea kabla ya mimba ndio wanaotaabika zaidi. Basi mwanamke anayetapika kwa mimba hadeki. Damu yake imepata mgeni.

Lakini hapa pana historia ya huzuni, ambayo yafaa kila mtu aijue. Mwaka wa 1957 katika Ujerumani ya Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Ilisifiwa kwamba haina madhara, na katika nchi nyingi wanawake wajawazito walipewa kwa ajili ya kichefuchefu. Kumbe haikujaribiwa ipasavyo kwa wenye mimba. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na viungo vilivyopungua, wengine bila mikono, wengine bila miguu, na wengi wao walikufa wangali wachanga. Daktari Lenz katika Ujerumani na Daktari McBride katika Australia walipaza sauti mwaka wa 1961, na mwezi wa Novemba mwaka huo dawa ikaondolewa madukani Ujerumani. Katika Marekani haikupata ruhusa ya kuuzwa, kwa sababu mwanamke mmoja wa serikali, Daktari Frances Kelsey, alikataa kutia sahihi mpaka aonyeshwe ushahidi. Alisumbuliwa na wenye dawa, lakini hakulegea. Na kwa kutolegea kwake watoto wengi walizaliwa wazima.

Hii ndiyo sababu twasema: mwanamke mwenye mimba asinunue dawa ya kutapika kwa kubahatisha, wala asipokee kidonge cha jirani. Lakini tusivuke mpaka tukasema hakuna dawa inayomfaa. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitaja tangawizi na vitamini B6 kuwa miongoni mwa vitu vya kutuliza kichefuchefu cha mimba changa. Tangawizi hatuihitaji kutoka mbali. Yalimwa katika milima ya Upare, huko Same, nayo huuzwa katika masoko yetu. Iko pia dawa yenye doksilamini pamoja na vitamini B6, ambayo yaweza kuandikwa na daktari. Dawa ya namna hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1956. Mwaka wa 1983 wenyewe waliiondoa kwa kuchoshwa na kesi, ijapokuwa uchunguzi haukuona kwamba yalemaza watoto. Na mwaka wa 2013 ikaruhusiwa tena. Basi kuamini dawa bila ushahidi ni kosa, na kuikimbia bila ushahidi ni kosa pia.

Mama ale kidogo kidogo, mara nyingi, wala asingoje njaa imshike. Kuhusu udongo unaouzwa sokoni, ambao wengi hutafuna ili kutuliza moyo, twawashauri wauache: udongo waweza kuzuia madini ya chuma yasiingie katika damu, na mwingine umeonekana kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na mama ambaye hakai na kitu tumboni, hata maji, au amekonda, au mkojo wake umekuwa mchache na mweusi, huyo hana haja ya shauri la majirani. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Wako pia wagonjwa wa saratani. Wengi wa mkoa wetu husafiri hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Dawa zinazoua saratani ni kali, nazo huvuta kamba ya damu na kamba ya tumbo kwa pamoja. Zamani wagonjwa wengine waliacha matibabu, wakaona afadhali ugonjwa kuliko kutapika. Mwaka wa 1990 ilianza kutumika dawa iitwayo ondansetroni, ambayo huishika kamba itokayo katika utumbo. Hutolewa kabla ya dawa ya saratani kutiwa mwilini, na mara nyingi pamoja na deksamethasoni. Hutumika vilevile baada ya kupasuliwa, kwa maana dawa za usingizi wa hospitali nazo huchafua moyo. Basi mgonjwa wa saratani asione haya kumwambia daktari kwamba ametapika. Dawa iko, na kipimo chaweza kubadilishwa.

Dawa nyingine ijulikanayo sana ni metoklopramidi, ya tangu miaka ya 1960. Hii hutuliza ubongo na huharakisha tumbo kushusha chakula. Yasaidia, lakini ina tabia moja ambayo yatupasa kuijua. Kwa watu wengine, na hasa watoto na vijana, yaweza kukaza misuli: shingo hupinda, macho huelekea juu, ulimi hutoka nje, taya hufunga. Asiyejua aweza kudhani kijana amepagawa na pepo, akaitiwa mganga wa kupunga, kumbe ni dawa aliyomeza asubuhi. Mtu akiwa hivyo, jamaa zake wachukue pakiti ya dawa waende naye hospitali. Sindano moja aghalabu humfungua. Wakuu wa dawa katika Ulaya waliamua mwaka wa 2013 kwamba isitumiwe kwa watoto walio chini ya mwaka 1, wala isizidi siku 5.

Sasa tumefika penye kiini cha mazungumzo, yaani kamba ya tumbo, na mtoto anayetapika na kuharisha. Hapa ndipo maisha ya wengi yanapopotea, na hapa ndipo makosa ya dukani yanapogharimu. Mama huja mbio, aomba dawa ya kuzuia kutapika, na nyingine ya kufunga tumbo. Lakini mtoto huyu hauawi na matapishi yenyewe. Huuawa na ukavu. Maji na chumvi za mwili wake zamtoka juu na chini, damu yazidi kuwa nzito, moyo wakosa cha kusukuma. Kumzuia asitapike na kumwacha mkavu ni kunyamazisha kengele huku nyumba yateketea.

Pwani yetu inayo kumbukumbu ya jambo hili. Mwishoni mwa mwaka wa 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kwa njia ya misafara, kikafika Pangani, na kutoka Pangani kikavuka kwenda Unguja, kikaua maelfu ya watu. James Christie, tabibu Mskochi aliyekuwa Unguja wakati huo, aliwauliza wafanya biashara wa misafara juu ya njia kilikopita, na mwaka wa 1876 akatoa kitabu juu yake. Wakati ule hapakuwa na tiba. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa huu umerudi nchini mara nyingi, na ule ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulienea mikoa mingi. Lakini safari hizi tiba ilikuwapo.

Tiba hiyo ilipatikanaje? Wataalamu waligundua kwamba utumbo, hata ukiugua, hupokea chumvi ikiwa sukari imekuja nayo. Ni kama milango yenye kufuli mbili, isiyofunguka mpaka wenye funguo wote wawili wafike. Na vikiingia, maji huvifuata. Mwaka wa 1968 maji ya chumvi na sukari yalijaribiwa huko Dhaka kwa wagonjwa wa kipindupindu, yakafaa. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bangaon upande wa Bara Hindi, na maji ya dripu yakawa karibu kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi na sukari vipimwe, vichanganywe na maji, na jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Waliokuwa wakifa walikuwa karibu 30 katika kila 100. Kwa maji yale walipungua hata chini ya 4. Hawakuokolewa na mashine, wala na sindano, bali na kikombe na subira.

Hiyo ndiyo pakiti ya ORS iliyomo katika zahanati na maduka yetu. Pakiti moja ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Wala isigawanywe kwa kukisia, wala isiongezwe sukari. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe. Pakiti ikikosekana kabisa, chukua lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe. Kisha tafuta pakiti upesi.

Hapo mama husema, "Lakini mwanangu ayatapika!" Jibu lake ni hili. Akitapika, ngoja dakika 10. Kisha anza tena polepole, kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Wanafunzi, tufanye hesabu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kijiko kimoja kila dakika, kwa dakika 60, ni mililita 300, yaani zaidi ya robo ya lita katika saa moja. Nayo yatosha kumwokoa mtoto mdogo, ilhali kikombe kizima kwa mara moja kingerudi chote. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba ni uhai wa mtoto. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Anayeharisha apewe pia zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hata 14, na aliye chini ya miezi 6 apewe miligramu 10.

Je, dawa ya kuzuia kutapika haina nafasi hapa? Inayo, lakini ni ndogo, na ni ya hospitali. Mwaka wa 2006 ilitolewa habari ya jaribio la Chicago kwa watoto 215. Waliopewa ondansetroni mara moja tu, katika kila 100 walitapika tena 14; waliopewa kidonge kitupu walitapika 35. Dawa ilisaidia kwa sababu ilimwezesha mtoto kunywa maji. Dawa ilikuwa mtumishi. Maji ndiyo bwana.

Hatuwezi kumaliza bila kuitaja malaria, ambayo nayo huwatapisha watoto wengi. Wazee wetu walitibiwa kwa kwinini, ambayo mti wake ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha uchunguzi kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka wa 1902. Kwinini ilikuwa msaada mkubwa, lakini yenyewe huchafua moyo na kuvumisha masikio. Siku hizi malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa ya mseto, na hapa lipo jambo moja la kukumbuka. Mtoto akiitapika dawa kabla ya nusu saa kupita, kipimo kile kile kirudiwe, na mzazi arudi zahanati kuchukua vidonge vya kufidia. Dawa iliyotapikwa haikutibu, hata kama pakiti imekwisha. Dawa hii huingia vizuri ikimezwa pamoja na maziwa au chakula.

Lakini mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu asiendelee kulazimishwa vidonge. Hiyo ni dalili ya ugonjwa mkali, naye ataka sindano. Hospitali za Muheza na Korogwe zilishiriki katika uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425, na matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2010. Katika kila watoto 1,000 waliochomwa kwinini walikufa 109. Katika waliochomwa artesuneti walikufa 85. Tangu hapo artesuneti imechukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali duniani kote. Basi watoto wa Muheza na Korogwe, pamoja na wenzao, wamewasaidia watoto wa Afrika nzima. Kwa walio mbali na hospitali, iko pia artesuneti ya kutiwa njia ya haja kubwa, ya kumpa mtoto nguvu ya kufika. Nayo si tiba kamili, hospitali lazima afike.

Tuseme neno moja juu ya kutapisha. Zamani watu waliokula sumu walitapishwa, na Wazungu walikuwa na dawa ya mzizi uitwao ipekakuana kwa kazi hiyo. Siku hizi waganga wameiacha. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kamwe, wala kwa kidole, wala kwa maji ya chumvi, kwa sababu mafuta yakirudi juu huingia mapafuni yakamwua. Apelekwe hospitali, na chupa yenyewe ichukuliwe ionekane.

Basi, wasikilizaji wetu, mtu akienda dukani, aseme mambo matano: anayetapika ni nani, na umri wake, kama ana mimba, ameanza lini, ana ugonjwa gani mwingine, kama homa au kuhara, na amekwisha kumeza dawa gani. Mwenye duka asiyeuliza hayo, aulizwe yeye kwa nini haulizi. Na dalili hizi zikionekana, tusiende dukani tena, twende hospitali: mtoto asiyeweza kunywa, au anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au kulegea, au kulala asiamke sawasawa, macho yaliyobonyea, au ngozi ya tumbo ikifinywa yakawia kurudi, matapishi ya damu au ya kijani, shingo ngumu, kutapika baada ya kuanguka na kuumia kichwa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kengele ikilia usiku, mlinzi mwema hakimbilii kuishika isilie. Hukimbilia kutazama ni nini kilichoivuta. Na atakayemkuta mtoto mkavu, ashike kijiko kwanza, kisha atafute njia ya hospitali.